Shangazi wa Steshenari Anajibu: Kurama ni Herufi Zipi?

Mwezi huu mmeniandama na mbweha. Barua za wakwe na za vikoba nimezisogeza hadi toleo lijalo, kwa sababu kwenye rundo lililoachwa dirishani pale steshenari Mwanga, pamoja na jumbe za WhatsApp, wengi mnamuulizia Kurama, yule mbweha wa mikia tisa wa kwenye Naruto. Chanzo nakijua. Shule zimefungwa, vijana wa Kigoma wameshika simu wanapimana tabia kwa herufi nne, na wakishajipima wenyewe wanahamia kwa wahusika wa katuni. Mimi ndiye ninayewachapia picha za kubandika kwenye madaftari, hivyo Kurama namfahamu kwa gharama zake: ukurasa mmoja wa huyo mnyama unamaliza wino wa njano ambao ungenitosha kadi za harusi wiki nzima.

Kwa msomaji asiye na kijana ndani ya nyumba: Naruto ni hadithi ya picha ya Mjapani Masashi Kishimoto, iliyotoka kwenye jarida la kila wiki kuanzia 1999 hadi 2014, na katikati ya safari ikafanywa katuni ya televisheni. Naruto ni yatima wa kijiji cha ninja. Usiku aliozaliwa, mbweha mkubwa wa mikia tisa alikivamia kijiji. Baba mtu akamfungia huyo mbweha ndani ya mwili wa kichanga chake, na kazi hiyo ikamgharimu uhai. Mtoto akakua watu wakimkwepa kwa sababu ya kilichomo ndani yake. Huyo wa ndani ndiye Kurama. Haya, tuanze.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi Gungu. Nimefanya kipimo cha tabia kwenye simu nikatoka INTJ. Kurama naye ni INTJ, yaani mambo yake yote ni yangu: anapenda kukaa peke yake, hana muda na wajinga, akiongea anakata. Binamu yangu anabisha, anasema Kurama ni ENTJ kwa sababu anaamrisha. Tumewekeana chipsi mayai, atakayeshindwa ananunua. Tuamulie. — Mdogo wake Kurama, Gungu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Chipsi mayai nitaziamua, ila subiri kidogo, maana ubishi wenu una utamu kuliko hizo chipsi.

Herufi zenyewe zimetoka Marekani, kwa mama na bintiye, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers. Saikolojia hawakuisomea chuoni. Walivutiwa na kitabu cha daktari wa Uswisi, Carl Jung, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1921, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Isabel akaanza kutunga maswali ya kumweka kila mtu kwenye mojawapo ya makundi 16. Herufi ya kwanza inauliza nguvu unazipata wapi: ukiwa peke yako (I) au ukiwa katikati ya watu (E). Ya pili inauliza unaamini nini kwanza, kinachoshikika (S) au unachokihisi nyuma ya pazia (N). Ya tatu, unaamua kwa hoja (T) au kwa moyo (F). Ya nne, unapenda mambo yakatwe na kupangwa mapema (J) au yabaki wazi (P).

Unasema Kurama ni I kwa sababu anapenda kukaa peke yake. Nani kakuambia anapenda? Hebu angalia tena pale anapokaa. Nondo ndefu zinapotelea juu gizani, sakafu imejaa maji, na kwenye lango pamebandikwa karatasi ya muhuri. Ile ni jela. Na hakuanzia kwa Naruto: kabla yake alifungwa ndani ya Kushina, mama yake Naruto, na kabla ya Kushina ndani ya Mito, wote wa ukoo wa Uzumaki. Nyuma zaidi, Madara, ninja mwenye macho ya ajabu, alimtia kwenye himaya ya macho yake akamtumia kama silaha kwenye ugomvi usiomhusu. Mfungwa humuulizi kama anapenda upweke. Mfungulie kwanza, halafu umtazame anaelekea wapi.

Binamu yako naye kaona E kwa sababu Kurama anaamrisha. Kufoka kupitia nondo hakumfanyi mtu kiongozi. Nenda kamwambie hivyo kwa niaba yangu.

Sasa hiyo T yenu, ambayo nyote wawili mmekubaliana bila kuijadili, ndiyo inayonisumbua zaidi. Kumbuka kisa cha kodi. Naruto yuko mafunzoni na mwalimu wake Jiraiya, anatakiwa aite chura mkubwa, na kila akijaribu wanakuja viluwiluwi. Jiraiya anachoka, anamsukuma korongoni. Akiwa anaporomoka, Naruto anajikuta mbele ya lile lango, anatazamana na yale meno. Mtoto mwingine angelia. Yeye anamwambia yule dubwana: unakaa mwilini mwangu, kwa hiyo lete chakra yako, yaani nguvu ya ndani wanayopigania ninja, iwe kodi ya nyumba! Na Kurama anafanya nini? Angekuwa mtu wa hoja tupu angepiga hesabu: nikimpa nitapata nini, nikimnyima nitapoteza nini. Yeye kaona ujasiri wa katoto kale, kamfurahia, kampa. Mpangaji kalipa kodi kwa sababu mwenye nyumba kamchekesha! Mimi hapo naona F tupu, imejificha nyuma ya ukali. Hata ile chuki yake ya miaka mingi, ukiichunguza ni kinyongo cha aliyeonewa. Kinyongo hakitoki kwenye hoja.

N nampa bila ubishi, kwa kuwa ananusa nia mbaya ya mtu kabla haijatendwa. J simpi. INTJ husifiwa kwa ramani ndefu, na ramani ya Kurama ilikuwa moja tu: atoke. Mwenye ramani za miaka na miaka ni Madara. Ukitaka INTJ wa kubandika kwenye daftari, mchukue Madara. Nywele zake nyeusi tupu, wino wangu utapona.

Kuna jambo lingine, nalo kwangu ndilo lenye uzito. Kishimoto hakumwokota mbweha huyu hewani. Wajapani wanaye mbweha wa ngano tangu enzi na enzi. Husemwa anaweza kujigeuza binadamu, hasa mwanamke mzuri, na kadiri anavyozeeka ndivyo anavyoongeza mikia, mpaka akitimiza miaka elfu anakuwa nayo tisa. Wapo mbweha wanaoheshimiwa kama wajumbe wa Inari, mungu wa mpunga. Ukienda kwenye mahekalu yake utawakuta wa mawe, wamekaa getini wamefungwa vitambaa vyekundu shingoni. Na wapo mbweha wa porini wanaoingia watu na kuwasumbua. Mvua ikinyesha huku jua linawaka, sisi watoto tuliambiwa simba anazaa. Wao wanasema mbweha anaolewa.

Zisikilize ngano mbili. Ya kwanza ni ya Tamamo-no-Mae, mrembo aliyetokea kwenye jumba la Toba, mfalme mstaafu wa karne ya 12. Hakuna swali lililomshinda, na mfalme akampenda kupita kiasi. Kisha mfalme akaanza kuugua ugonjwa usioeleweka. Mpiga ramli akaitwa, akamfichua: yule mrembo ni mbweha wa mikia tisa. Akakimbilia nyika za Nasu, wapiga mishale wakamsaka hadi wakamuua, na roho yake ikaingia kwenye jiwe linaloua kila kinacholigusa. Jiwe lenyewe lipo mpaka leo, mkoa wa Tochigi, kwenye mteremko wa volkano unaotoa gesi ya sumu kweli kweli. Machi 2022 lilikutwa limepasuka vipande viwili, na Wajapani wakashtuka, nusu kwa utani nusu kwa dhati, kwamba bibie katoka.

Ya pili ni ya Kuzunoha. Mtu mmoja, Abe no Yasuna, alimwokoa mbweha mweupe asiuawe na wawindaji katika msitu wa Shinoda, na yeye mwenyewe akajeruhiwa. Akatokea mwanamke akamuuguza. Wakapendana, wakaoana, wakapata mtoto wa kiume. Siku mtoto alipouona mkia wa mama yake, mama hakuweza kubaki tena. Aliandika shairi la kuaga akarudi msituni. Ngano inasema mtoto huyo ndiye Abe no Seimei, mpiga ramli mashuhuri wa jumba la mfalme, ambaye ni mtu wa historia kabisa, aliyeishi 921 hadi 1005.

Mnyama ni huyo huyo. Huku anamlaza mfalme kitandani, kule anamuuguza mtu na kumzalia. Kuzunoha alitendewa wema akaurudisha. Mbweha wa Kijapani ana daftari la madeni, na kwa upande wa ubaya hulipa na riba juu. Ndiyo maana ukimkuta leo ana sumu, ukirudi kesho ana dawa, na wewe wa herufi nne umebaki unafuta na kuandika upya.

Kurama ni wa ukoo huo. Kwa miaka mingi watu walimwita Mkia-Tisa, wakimhesabu mikia tu. Jina alikuwa nalo, alipewa na Mzee wa Njia Sita aliyemuumba pamoja na wenzake wanane, lakini binadamu waliomfunga hawakujisumbua kuliuliza. Anakuja Naruto, anamwambia ipo siku atafanya kitu kuhusu hiyo chuki iliyomo ndani yake, na wanafika mahali wanagongana ngumi kama marafiki. Kuanzia hapo Kurama anamtania, anamshauri, anamkopesha nguvu bila kudaiwa kodi. Mpime sasa kwa simu yako uone kama herufi zitakuwa zile zile.

Kwa hiyo hukumu: herufi ya kwanza naiacha wazi, maana ushahidi wote umetolewa akiwa kifungoni. Zinazofuata ni N, F na P. Mmeshindwa wote wawili. Kila mtu ajinunulie chipsi zake.

Na hilo la kutokuwa na muda na wajinga, binti yangu, hao wajinga ndio mtakaokaa nao chumba kimoja cha mtihani wa kidato cha nne mwakani, na mmoja wao anaelewa hesabu kuliko wewe. Wewe hakuna aliyekufungia popote.

SWALI: Salaam dada yangu. Mimi nafanya biashara ya dagaa Kibirizi. Kijana wangu ana miaka 16. Tangu afanye hicho kipimo hatoki kuamkia wageni. Juzi mjomba wake kaja kutoka Uvinza na mfuko wa chumvi begani, kijana kajifungia chumbani. Namuuliza, ananijibu, "Mama, mimi ni introvati, watu wananimaliza nguvu." Nimpeleke hospitali au nimchape? — Mama Dagaa, Kibirizi

JIBU: Dada yangu, pole. Hospitali waachie wagonjwa, na fimbo iweke chini, maana kijana anayejifungia ukimchapa atatafuta komeo kubwa zaidi.

Uintrovati upo, hajautunga. Wapo watu ambao kukaa na kundi saa mbili kunawachosha kweli, na wanasaikolojia hawalipingi hilo. Hata kwenye kipimo wanachokiheshimu zaidi, kile cha tabia tano kubwa, uchangamfu ni mojawapo ya hizo tano. Tofauti ni kwamba wao wanaupima kwa ngazi, kuanzia chini hadi juu, na wengi wetu tumejaa katikati. Kipimo cha herufi nne kinachukua watu hao hao kinawakata mstari mmoja. Aliyeangukia hatua moja huku anaitwa I, mwenzake wa hatua moja kule anaitwa E, na ukiwakalisha benchi moja huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana si wachache wanaorudia kipimo baada ya wiki chache wakapata angalau herufi moja tofauti. Isitoshe, vingi vya hivyo vya bure kwenye simu si hata kile cha Briggs na Myers chenyewe, ambacho hulipiwa.

Kwa nini basi kijana kakiamini hivyo? Mwalimu mmoja wa saikolojia Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake kipimo cha tabia mwaka 1948. Baadaye akamgawia kila mmoja maelezo ya tabia yake, akaomba wayape alama kutoka 0 hadi 5 kwa jinsi yanavyowafaa. Wastani ukawa 4.26. Kisha akawaonyesha: wote walikuwa wamepewa karatasi ile ile, maneno mengi yameokotwa kwenye kitabu cha nyota. "Una uwezo mkubwa ambao bado hujautumia", mambo ya aina hiyo. Nani atakataa? Mwanao kasoma kwenye simu kwamba yeye ni mtu wa kina asiyeeleweka na wengine. Nionyeshe kijana wa miaka 16 ambaye ataambiwa hivyo akanuna.

Fanya hivi. Mwite wakati mmetulia, mwambie unaamini kwamba watu wanamchosha. Umwambie kabisa, na umaanishe. Halafu mwekee kazi ya dakika tano: mgeni akifika, atoke, aamkie, apokee mzigo, alete maji ya kunywa, aulize habari za huko. Baada ya hapo ana ruhusa ya kurudi chumbani na wewe hutamwita tena. Shikamoo haina herufi, kila mtu anaidaiwa. Na upande wako, uache kumkalisha sebuleni jioni nzima akisikiliza watu wazima wakibishana mahari ya mtu ambaye hata hamjui. Hata mimi ningejifungia.

Pia nikuulize: asubuhi mkianika dagaa kwenye chanja, mkono wake na mkono wako, hamzungumzi sana, kazi inakwenda? Kama ndiyo, ujue hapo ndipo anapokaa na watu vizuri. Mjomba wa Uvinza akija tena, watume wote wawili wakageuze dagaa. Chumvi anaijua yule, watapata la kuongea.

SWALI: Shangazi, niko chuo cha afya, nasomea maabara. Nimeona kwenye maelezo ya wahusika wameandika Naruto kundi la damu B, Sasuke AB. Hiyo inahusu nini, wanataka kuwaongezea damu? — Mtu wa Darubini, Kigoma Mjini

JIBU: Umenichekesha. Japani kundi la damu ndiyo kadi ya tabia. Mwaka 1927 Takeji Furukawa aliandika kwamba tabia hufuata damu, na mwaka 1971 mwandishi Masahiko Nomi, ambaye hakuwa daktari, akatoa kitabu kilicholisambaza jambo hilo nchi nzima. Husemwa A ni mpangilifu mwenye wasiwasi, B anafuata njia yake na hasikii la mtu, O ni mchangamfu mwenye moyo mkubwa, AB haeleweki. Watafiti walipopima hawakuona uhusiano wa maana, lakini watunzi wa hadithi wanaendelea kuyaandika, kwa sababu msomaji wa kule akiona B anaelewa mara moja: huyu ni mkaidi. Naruto B, na wenzake wa kikosi, Sasuke AB, Sakura O. Hata usipoamini, unaona mtunzi alivyotaka wasomwe. Kurama mwenyewe ni bonge la chakra. Sindano yako utaivunja bure.

SWALI: Bi Mdogo, nakusoma kila toleo na mengi unasema vizuri. Lakini wajukuu zangu wamejaza ukuta picha za mashetani ya Kijapani, na nimeambiwa zinachapwa kwako. Huoni kwamba unaingiza majini kwenye nyumba za watu kwa shilingi mia tano? — Babu wa Ujiji

JIBU: Shikamoo Babu. Ukuta ni wako. Ukisema zishuke, zishuke leo, na wajukuu wakija kulalamika kwangu nitawarudisha kwako.

Ila niruhusu nikukumbushe Kabogo. Wewe wa Ujiji unalijua jina hilo kuliko mimi. Stanley, alipokuja kumtafuta Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871, alisimuliwa njiani habari za mlima huo wa ng'ambo ya ziwa, wenye mapango ambayo maji yakiingia kwa upepo hunguruma kama radi. Aliambiwa wanaopita hapo kwa mitumbwi hutupa majini kitambaa na shanga, hasa nyeupe, kumtuliza mwenye ziwa. Anayetupa hupita salama, asiyetupa huzama. Sikuambii uamini. Nakuambia kwamba ziwa letu nalo lilikuwa na mwenyewe, mwenye tabia zake, na watu walijua namna ya kuishi naye. Ukimtambua anakuacha upite. Mbweha wa wajukuu zako hana tofauti kubwa na huyo.

Na hao wachoraji wa Japani wengi wanaokota vya wazee wao. Alikuwepo mmoja, Shigeru Mizuki, aliyezaliwa 1922 na kukulia mji wa bandari wa Sakaiminato. Bibi mmoja aliyekuwa akisaidia kazi nyumbani kwao ndiye aliyemjaza hadithi za mazimwi. Akapelekwa vitani, huko Rabaul, kwenye visiwa vya Pasifiki, akapoteza mkono wa kushoto. Akarudi, akachora kwa mkono wa kulia uliobaki, na akamtunga Kitaro, mtoto wa mazimwi mwenye jicho moja ambaye baba yake amebaki jicho tu lenye miguu na mikono. Kitaro akaingia kwenye televisheni mwaka 1968. Ndani ya hadithi hizo Mizuki aliingiza vitu vya wanakijiji kabisa, mfano kitambaa cheupe kinachopaa usiku na kumjifunga mtu usoni, ambacho ni cha watu wa Kagoshima huko kusini. Alifariki 2015 akiwa na miaka 93. Mji wake leo umepangwa sanamu za shaba za mazimwi barabarani, watu wanapanda treni kwenda kupiga nazo picha.

Ninayempenda kwa Mizuki ni Mtu-Panya, Nezumi-Otoko, nusu binadamu nusu zimwi, miaka na miaka hajaoga. Anamuuza Kitaro kwa hela ndogo, mambo yakiharibika anarudi kuomba hifadhi, na Kitaro anampokea. Babu, huyo mtu hata hapo Ujiji yupo, nami ananidai fotokopi kwamba nimemchapia vibaya.

Wajukuu zako wanaweza kunitajia wanyama wote tisa wenye mikia, kuanzia Shukaku mpaka Kurama, bila kupumua. Kabogo wakimjua, watakuwa wamemsikia kwako. Kama utapata jioni ya kuwasimulia, waambie wamchore kama walivyomwona kichwani, waniletee. Hiyo nitachapa bure, kwa rangi, na utachagua mwenyewe kama inakaa ukutani.

SWALI: Shangazi, nafundisha Kiswahili sekondari, Kasulu. Wanafunzi wangu hawasikii fasihi simulizi mpaka nitaje anime, hizi katuni za Kijapani. Nataka kuwaingiza kwa mlango huo. Nipe herufi nne za Sungura, nianzie mdahalo. — Mwalimu, Kasulu

JIBU: Mwalimu, hapa herufi zinakaa vizuri kuliko kwa Kurama, kwa sababu Sungura wetu habadilishwi na chochote anachotendewa. Chukua kisa cha kisima. Ukame umeingia, wanyama wote wanachimba, Sungura anagoma. Maji yanapatikana, anawekwa mlinzi. Sungura anakuja na asali, anamlambisha mlinzi tone moja, anamwambia asali hii tamu hailiwi mpaka mlaji afungwe kamba. Mlinzi anakubali kufungwa! Sungura anakunywa, anaoga humo humo, anaondoka. Mlinzi wa pili naye vivyo hivyo, mpaka anakuja Kobe, anajipaka ulimbo mgongoni, anajizamisha kisimani. Sungura anakanyaga jiwe, jiwe linamnasa mguu. Anapigwa, anaponea chupuchupu. Geuza ukurasa, ngano inayofuata, yuko shambani kwa mtu anaiba karanga.

E, kwa sababu bila mtu wa kumdanganya hana ngano. N, kwa sababu anaona kamba ndani ya asali. T, maana huruma hajawahi kuionyesha hata kwa Fisi aliyefungwa badala yake. P, kwa kuwa hajawahi kupanga zaidi ya kiu yake ya leo. Fisi na Kobe waachie wanafunzi wagombane. Wakikuambia Sungura ni S, wadai kisa, wasikuletee matokeo ya simu.